Maneno Ambayo Sekela Hakuyasema

1

Episodi ilipoisha, banda zima lilikaa kimya. Hakikuwa kimya cha watu walionogewa. Kilikuwa kimya cha wageni waliovaa vizuri, wakafika harusini, wakaambiwa bwana harusi amebadili mawazo.

Subilaga alikuwa benchi la mbele, mahali pake pa miaka yote, ameshika ncha ya kitenge chake na hajui aiachie lini. Kwenye kioo kikubwa cha ukutani, chombo cha anga kilichoitwa Kiwira kilielea gizani huku taa zake zikizimika moja baada ya nyingine. Majina ya watengenezaji yakaanza kupanda. Hakuna aliyepiga makofi.

"Huyo si Sekela," alisema Lugano, mchuuzi wa maparachichi, mtu ambaye hajawahi kunyamaza kwa hiari yake. "Mimi nasema tu. Huyo si Sekela ninayemfahamu."

"Sasa ni nani?" mtu akamuuliza kutoka nyuma.

"Sijui. Waulizeni waliomlea. Tangu lini Sekela anavua kofia ndani ya moshi? Msimu wa pili alizima moto kwa blanketi, na mkono umevunjika. Leo kamoto kadogo tu, anafika mlangoni, anakaa chini kama mtu anayesubiri kuitwa zahanati. Eti nimechoka, mwingine aende. Amechoka nini? Sisi tumeamkia shambani tangu giza, kuna aliyesema amechoka?"

"Kitafsiri ndicho kibovu," alisema mwanamke mmoja mchuma chai, bado amejifunga turubai lake la mvua. "Angetafsiri Dijei asingesema vile."

Vichwa viligeuka kona ya kulia, penye meza ndogo na maiki iliyofunikwa kitambaa. Ambokile, Dijei mwenyewe, alikuwa amekaa nyuma ya meza hiyo kama kawaida, ila shingoni amefungwa skafu, na chini ya skafu kulikuwa na kovu jipya. Madaktari walimwondoa uvimbe, na uvimbe ukaondoka na sauti. Alitabasamu kwa wateja wake, akainua mikono kidogo kuomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyeharibu chombo.

Lazima ieleweke Ambokile alikuwa nani katika banda lile. Tamthilia ya Wana wa Zohali ilikuja kwa lugha ya kigeni, na kitafsiri kilikuwepo ukutani tangu siku ya kwanza, lakini kabla ya jioni ile Tukuyu nzima hakuna aliyewahi kukiwasha. Ambokile alitafsiri mwenyewe, kwa maiki, juu ya sauti za wahusika wote. Alikuwa mwanaume, mwanamke, mtoto, injini na mbwa. Lugha ile aliipata ujanani alipokuwa akiwapandisha wageni Mlima Rungwe. Chombo akakipa jina la mto wa nyumbani. Kapteni, ambaye jina lake halisi halikukaa kinywani mwa mtu, akamwita Sekela. Na mnamo msimu wa kwanza, Sekela aliposimama kwenye mlango wa chumba cha injini huku watoto wakikimbia kuelekea kwake, Ambokile akamtilia maneno ambayo baadaye yalisemwa hadi kwenye malori ya chai: "Mlango haufungwi mpaka wa mwisho aingie." Banda likasimama na kuitikia, "Aingie." Tangu siku hiyo, kila msimu Sekela alirudi kwenye mlango ule, na kila msimu banda lilisimama.

Katikati ya kila episodi, kulipokuwa na mapumziko mafupi, Ambokile alisogeza maiki karibu na kumuuliza mke wake mbele ya watu wote, "Suba, umekula?" Watu wakacheka kila mara. Subilaga alikuwa akijifanya kuona aibu, na hakuna kitu alichokipenda kama hicho.

Leo mapumziko yalipita na maiki ilikuwa chini ya kitambaa. Subilaga alipotoka nje kwenye manyunyu, hasira yake yote aliielekeza kwa Sekela. Mwanamke aliyemshikilia miaka yote hiyo amekuja kumwangusha wiki hii, kati ya wiki zote.

2

Jestina alifika kesho yake asubuhi kutoka Mbeya, mvua imemlowesha hadi soksi. Alikuwa msichana wa kampuni ya Upeo, wenye tamthilia, na alibeba kisanduku kidogo cheusi alichokikinga ndani ya koti kuliko alivyojikinga yeye.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, vua hivyo viatu," alisema Subilaga. Alimwekea chai na ndizi za kuchemsha pale pale bandani, maana nyumba yao ilikuwa upande wa nyuma wa ukuta ule ule. Ambokile alimwinamia kichwa. Mbele yake aliweka ubao wa matangazo, ule wa kuandikia saa za maonyesho, ambao sasa ndio uliokuwa mdomo wake.

Jestina alikunywa nusu kikombe kabla ya kuanza. "Mama, banda lenu limechaguliwa. Ninyi ndio mtakaoamua episodi ya jana ibaki au ikataliwe."

Subilaga alijua habari hizo kama kila mpenzi wa tamthilia anavyozijua, ila hakuwahi kufikiri zingefika kwake. Wahusika wa Wana wa Zohali hawakuwa waigizaji. Walikuwa nafsi zilizolelewa na mitambo ndani ya hadithi yenyewe, zinazoona moto ni moto na njaa ni njaa. Upeo hawakuwaandikia la kusema. Waliwawekea tatizo, wakawaacha waishi. Ukutani katika kila banda duniani kulikuwa na masikio madogo, mviringo wa kifungo cha koti, yaliyosikiliza kelele na mapigo ya moyo ya watazamaji, na kwa kelele hizo Upeo walijua tatizo gani walete tena. Episodi ikichukiza sana, banda moja hupewa haki ya kuikataa. Ikikataliwa, nafsi zote hurudishwa nyuma, zinasahau, na kuishi upya hadi zifanye jambo linalopendeza.

"Kwa nini sisi?" aliuliza Subilaga. "Sisi tuko huku kwenye mvua, nani anatujua?"

"Mnajulikana, mama." Jestina alitabasamu, naye alikuwa mkweli. "Pale mlangoni hakuna banda linaloshangilia kama hili. Ofisini kuna watu wanakuja kusikiliza kelele zenu wakiwa na huzuni. Ule mlango ulikuwa wa msimu mmoja tu. Ulirudishwa kila msimu kwa sababu yenu."

Subilaga alijisikia amekua ghafla. Alimtazama mumewe, na Ambokile akaangalia ubao wake.

"Basi sina la kufikiri," alisema Subilaga. "Tunakataa. Watu wamekasirika, na mimi nimekasirika kuliko wao. Sekela hakai chini."

"Kuna jambo jingine." Jestina alisogeza sahani na kukiweka kisanduku katikati ya meza. "Tumesikia yaliyompata baba. Masikio yetu yanayo maneno yake yote, miaka yote. Tumeyakusanya. Banda likikataa na tamthilia ikaendelea, kisanduku hiki kitakaa hapa na kutafsiri kila episodi kwa sauti yake. Na si tamthilia tu. Mkiwa peke yenu, baba akiandika, chenyewe kitasema."

Aligusa kitufe. Kisanduku kikavuta pumzi, kweli kilivuta pumzi, kisha sauti ya Ambokile ikatoka, nzito kidogo, na lile kokoto dogo lililokuwa ndani yake kila alipotania.

"Suba, umekula?"

Subilaga aliinuka akaenda kusimama karibu na kioo, mgongo kwa mgeni. Alilia bila kujificha, maana ilikuwa nyumba yake. Alijua kwamba mumewe yuko pale, mzima, anakula na kutembea, na watu wote walimwambia ashukuru, naye alishukuru. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba nyumba inaweza kuwa na mtu na bado ikawa tupu kuanzia saa ya kuzima taa.

"Na tukiikubali episodi?" aliuliza bila kugeuka.

"Tamthilia itafungwa. Nafsi zitapelekwa Pembeni. Huko hakuna kioo wala masikio. Watakaa wanavyotaka wenyewe, sisi hatutajua. Na sauti, mama, ni mali ya tamthilia. Ikifungwa, na yenyewe inafungwa."

"Sauti ya mume wangu imekuwaje mali yenu?"

"Aliitoa hapa, mbele ya masikio yetu," alisema Jestina kwa upole, kama mtu aliyefundishwa jibu na kuona haya kulitumia. "Masharti yako mlangoni tangu banda lifunguliwe."

Chaki ilikwaruza. Ambokile aliuinua ubao ili wote wauone. Alikuwa ameandika KATAA kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake.

3

Sheria ilidai kwamba anayekataa akutane kwanza na mhusika, ana kwa ana. Jestina alisema wengi hawajisumbui. Wanasema wamekutana, na mambo yanaisha.

"Niache kukutana na Sekela?" alisema Subilaga, akajipangusa uso na kufunga kilemba upya mbele ya kioo kilichozimwa. "Miaka yote hii, halafu niseme sina nafasi? Mwashe. Nina mawili matatu ya kumwambia."

"Kitafsiri kitumie sauti gani?"

Subilaga hakufikiri. "Ya Dijei. Hapa Sekela hana sauti nyingine."

Ambokile alipiga meza kwa kiganja. Wote wawili walimtazama. Alitikisa kichwa, hapana, akashika chaki, lakini hakuandika kitu. Subilaga alidhani ni wivu wa kisanduku, akamshika bega akipita.

Kioo kiliwaka, na Sekela akawa amekaa pale pale alipoachwa, chini, mgongo kwenye mlango wa chumba cha injini, kofia pembeni. Alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana katika vita. Alipoinua macho, alimwona Subilaga kweli, na moyo wa Subilaga ukaruka kama wa msichana.

"Kapteni," alisema, "mimi ni mtu wako. Nimekuwa mtu wako tangu msimu wa kwanza. Nimekuja kukuuliza kwa nini umetufanyia hivi."

Sekela alijibu kwa lugha yake, na kisanduku kikasema kwa sauti ya Ambokile, taratibu. "Sikujua kama kuna watu. Nilihisi tu. Nimewafanyia nini?"

"Umekaa chini. Wewe. Mlango haufungwi mpaka wa mwisho aingie. Ni maneno yako."

Sekela alikunja uso. "Hayo sijawahi kuyasema."

"Umeyasema kila msimu. Tunayo hapa, tunayaitikia."

"Nionyeshe."

Jestina alisita, kisha akagusa kisanduku chake, na kona moja ya kioo ikarudia ule mlango wa msimu wa kwanza. Watoto wanakimbia, moto nyuma yao, Sekela ameshika mkono wa chuma, mdomo wake unatamka. Subilaga alikuwa ameitazama picha hiyo mara nyingi kuliko picha za harusi yake. Midomo yake mwenyewe ilikuwa tayari kusema. Lakini sasa kisanduku kilitafsiri kilichosemwa kweli, neno kwa neno, na kwa sauti ile ile ambayo zamani ilikuwa imekifunika.

"Tafadhali, mtu mwingine aushike. Mkono wangu unaungua. Nisaidieni. Nisaidieni, jamani."

Subilaga alisema, "Hapana." Aliomba msimu wa pili. Jestina akauleta. Sauti ya Ambokile ikasema, "Nimeshafanya hili. Nina hakika nimeshafanya hili. Kwa nini mnanileta hapa?" Msimu uliofuata ilisema tu, "Siwezi, siwezi, siwezi," na chini yake, kwa mbali, yalisikika makofi ya banda ambayo masikio yaliyanasa, na sauti ya Lugano ikiitikia kuliko wote, na ya Subilaga mwenyewe.

"Zima," alisema Subilaga. Kisha akamgeukia mumewe. "Ulikuwa unasikia."

Ambokile aliitikia kwa kichwa.

"Miaka yote anaomba, wewe unasikia, na unatupa sisi maneno ya kushangilia."

Aliandika kwa haraka, chaki ikikatika, akaunyanyua ubao kwa mikono miwili. *Walikuja wamelowa wamechoka. Niwape na uchovu wa mtu mwingine?* Kisha akafuta kwa mkono wa shati, akaandika tena. *Nilidhani ni picha tu.* Mwishowe akafuta neno la mwisho kwa kidole, ubao ukabaki na *Nilidhani ni picha*, kana kwamba neno lile dogo ndilo lililokuwa uongo.

Kilichomuuma Subilaga zaidi ni kwamba aliielewa ile sentensi ya kwanza. Alikuwa mmoja wa waliokuja wamelowa.

Sekela alikuwa bado anasubiri kwenye kioo. "Mlipokuwa mnaniona pale mlangoni," aliuliza, "mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunashangilia," alisema Subilaga. Hakuona namna ya kulisema vizuri zaidi.

Sekela aliitikia polepole, kama mtu aliyepewa jibu la swali la zamani. "Kuna kitu nataka kukuuliza. Nikiukaribia mlango huu miguu inakuwa mizito. Mkono unauma kabla haujashika chuma. Jana nilipokaa chini, nilihisi kama nimewahi kukaa hapa. Nimewahi?"

Subilaga alimtazama Jestina. Msichana alikuwa anapanga maganda ya ndizi kwenye sahani, moja juu ya jingine.

"Mwanangu, amewahi kukaa chini kabla ya jana?"

"Nikiulizwa, sikatazwi kujibu," alisema Jestina.

"Nakuuliza."

"Amewahi. Karibu kila msimu huwa anafika pale na kukaa. Banda fulani linakataa, anarudishwa, anasahau. Anarudishwa mpaka asimame. Ninyi mmekuwa mkiona ile aliyosimama." Aliiacha sahani. "Mimi nilimwambia mkubwa wangu kwamba yule hasahau vizuri. Akasema kelele za Tukuyu haziongopi."

Mvua ilizidi juu ya bati hadi Subilaga akalazimika kusogea karibu na kioo. Alitafuta pa kushika. "Na watu wako?" alimuuliza Sekela. "Ndani ya Kiwira kuna watoto. Ukikaa chini, hao nao?"

"Tumeulizana. Hakuna aliyetaka niinuke. Hata watoto wamechoka kuokolewa."

Yote hayo yalisemwa kwa sauti ya mume wake. Sauti iliyomposa, iliyogombana naye kuhusu paa, iliyomwita mtoto wao Gwamaka alipozaliwa, ndiyo sasa iliyokuwa inaomba iachwe. Akikataa, ataisikia jioni hii. Ataisikia kesho, na mwaka kesho, ikimuuliza kama amekula. Na kila mara ataisikia ikimtilia Sekela maneno mazuri mlangoni, na chini ya maneno hayo atajua kuna nini. Alijaribu kujidanganya kwamba atazoea. Alijijua vya kutosha kuona kwamba kweli angezoea, na hilo ndilo lililomtisha.

"Sekela," alisema. "Samahani, hilo si jina lako. Ni jina alilokupa mume wangu."

"Nilikuwa najiuliza ananiita nani. Maana yake nini?"

"Furahi."

Sekela alicheka kidogo, cheko la pua, la kwanza ambalo Subilaga alilisikia likiwa lake kweli, kwa sababu cheko halihitaji kitafsiri.

Ambokile alikuwa ameinuka. Hakuandika kitu sasa. Alisimama kati ya meza na kioo akimtazama mke wake, na mdomo wake ulifunguka na kutengeneza jina lake, Suba, bila chochote kutoka zaidi ya hewa. Subilaga aliliona jina. Nusura lishinde.

"Niwie radhi, Baba Gwamaka," alisema. Alimgeukia Jestina kabla hajaanza kuhesabu hasara. "Episodi ibaki ilivyo. Asirudishwe."

"Una uhakika, mama?"

"Sina. Andika hivyo hivyo."

Jestina aligusa kisanduku. Kwenye kioo Sekela alikuwa bado amekaa, lakini kichwa chake kilikuwa kimeegemea mlango na macho yamefumbwa, kama mtu aliyefika nyumbani akakalia kiti cha kwanza. Alisema neno moja. Kisanduku, ambacho kilijifunza kusema kwa Ambokile peke yake, kilichagua shukrani aliyoitumia yeye nyumbani.

"Ndaga fijo."

Taa ndogo ya kisanduku ikazimika. Ambokile alichukua koti akatoka kwenye mvua, akaacha mlango wazi nyuma yake.

4

Siku zilizofuata Ambokile hakumtazama mkewe usoni. Alirudi, alikula kidogo, alichanja kuni, akafunga bawaba iliyolegea. Ubao aliuacha bandani. Subilaga hakumlazimisha. Alikuwa amemnyang'anya kitu ambacho yeye mwenyewe alikitaka, na haikusaidia kuwa na haki. Chakula hakikupita kooni, akawa anapika na kugawia majirani.

Jumamosi watu walikuja kama kawaida, maana hakuna mahali pengine pa kwenda mvua inaponyesha. Subilaga aliwaambia yote akiwa amesimama, ameshika maiki mkononi kama ufagio. Aliwaambia Sekela alisema nini mlangoni, na wao walifanya nini.

"Kwa hiyo umetuulia Sekela," alisema Lugano.

"Hajafa. Ameondoka."

"Kwetu sisi ni kitu kimoja, Mama Gwamaka." Lakini hakuisema kwa kelele, na aliketi tena akiangalia mikono yake. Wengine walitoka. Mchuma chai wa turubai alibaki, akauliza kama wanaweza kuiona ile episodi tena, vizuri, sasa wanajua.

Subilaga aliiwasha. Kitafsiri cha ukutani hakukiwasha, hakutaka ile sauti yake kavu kama tangazo la kituo cha basi, ila lugha hakuijua, na episodi ikaanza kwenda bila mtu kuelewa neno. Watu walianza kunong'ona. Alikuwa karibu kuizima aliposikia meza ikiburutwa.

Ambokile aliusimamisha ubao kando yake, akamtazama mara moja, na kuanza kuandika. Subilaga alisoma kwenye maiki kilichoandikwa. Mwanzoni alijikwaa, maana mkono wa mumewe ulikuwa nyuma ya picha na yeye alikuwa nyuma ya mkono. Hakukuwa na mzaha wala sauti ya injini. Wahusika waliulizana nani ana maji. Walibishana juu ya mtoto aliyekuwa na homa. Yalikuwa maneno ya kawaida, na banda likasogea mbele ili lisikie.

Sekela alifika mlangoni. Chaki iliandika, na Subilaga akasoma: "Nimechoka. Mwingine aende." Hakuna aliyeitikia. Sekela akavua kofia, akakaa. Moshi ulimzunguka, taa zikaanza kuzimika, naye hakusema kitu kingine. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kabisa.

Chaki iliendelea. Subilaga alitazama kioo, akatazama ubao, akadhani amepitwa na neno. Ambokile alimaliza, akasogea pembeni ili asome.

*Suba, umekula?*

Banda lilikuwa linamsubiri. Aliviona vyote kwa pamoja, vumbi jeupe kwenye vidole vya mumewe, skafu, na macho ambayo hayakuwa yamemsamehe bado lakini yalikuwa yanamtazama. Aliiweka maiki mezani na kuifunika kwa kitambaa chake.

"Bado," alimwambia.